Kabati ya jikoni yenye kunata: mafuta inatoka wapi, na namna ya kuiondoa bila kuharibu mbao

Pandisha mkono juu ya kabati ya jikoni, pale kwenye macho hayafikie, kisha vuta kidole. Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Uvira ama Butembo, kidole kitarudi na kitu cheusi chenye kuelekea kahawia, kizito, chenye kunata kama ulimbo. Ukipitisha kitambaa kikavu, kinakwama na kuacha nyuzi zake pale. Ukipitisha maji ya baridi, maji inateleza na uchafu unabaki. Hapo ndipo wengi wanachukua waya ya kusugulia sufuria, ama kisu, ama, na hii ndiyo mbaya kuliko zote, kitambaa chenye kulowana esansi.

Mtu anaweza kusema ni jambo dogo, mafuta ya kabati. Lakini kabati ya jikoni haiko kitu kidogo katika nyumba za huku. Mara nyingi ililetwa na bibi-arusi siku ya ndoa, ama iliagizwa kwa fundi wa mbao na kulipwa kidogo kidogo kwa miezi. Ndani yake munakaa unga, sukari, maziwa ya mtoto, sahani za wageni. Na katika mitaa kama Kadutu kule Bukavu, ama sehemu nyingi za Goma ambako watu wamejenga kwa mbao juu ya mawe ya volkano, kabati hiyo iko karibu na moto, ndani ya nyumba ya mbao, yenye kushikana na nyumba ingine ya mbao. Mafuta ile si uchafu tu. Ni kitu chenye kuwaka.

Si moshi peke yake

Wengi wanalaumu makala. Wanasema: ni moshi ya mbabula. Moshi iko na sehemu yake, hasa kwa wale wanaopika na kuni, kwani kuni inatoa masizi mengi. Lakini makala yenye kushika moto vizuri inatoa masizi kidogo tu. Ndiyo sababu mtu aliyehamia kwenye gazi ama kwenye jiko ya umeme anashangaa, kisha mwaka mmoja, kukuta kabati yake inanata sawa na ya jirani anayepika na makala. Kinachonata hakitoki ndani ya mbabula. Kinatoka ndani ya sufuria.

Angalia vile sambaza inakaangwa. Samaki imetoka kuoshwa, iko na maji. Inapoingia katika mafuta ya moto, tone la maji linageuka mvuke mara moja, linapasuka na kurusha mafuta. Vitone vikubwa vinaanguka karibu, juu ya mbabula na juu ya mkono wa mpishi. Hivyo kila mtu anavijua. Vile vidogo sana, ambavyo jicho haliwezi kuona kimoja kimoja, vinabebwa na hewa ya moto na kupanda. Vikikutana na kitu cha baridi, yaani plafo, ukuta, mlango wa kabati, vinashika pale. Kwa kuwa hewa ya moto inapanda, sehemu ya juu ya kabati ndiyo inapokea zaidi, na ndiyo hakuna mtu anaiangalia.

Kisha inakuja vumbi. Goma kuko ile nyeusi ya mawe ya volkano, Butembo kuko nyekundu ya barabara. Vumbi inashika juu ya mafuta, mafuta mpya inashika juu ya vumbi, masizi inaongezeka, na kisha miezi kadhaa inakuwa kama rangi iliyopakwa mara 10. Mende wanaipenda sana. Kwao ni chakula, na inakaa pale pale usiku wote bila mtu kuwafukuza. Nyumba inaweza kununua dawa ya mende kila mwezi na mende wakarudi kila mwezi, kwani meza yao haijaondolewa.

Mafuta mbili, tabia mbili

Mbele ya kuchukua kitambaa, ni vizuri kujua ni mafuta gani iko pale juu. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza nguvu na sabuni bure.

Mafuta ya mawese, ile nyekundu, karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayoganda kwa baridi. Kila mwenye kununua mawese Bukavu ama Goma anajua jambo hili bila kufundishwa: asubuhi bidoni imeganda, sherti isogezwe karibu na moto ndipo imwagike. Miji hii iko kwenye urefu wa karibu metre 1.500, usiku ni baridi. Uvira na Kalemie, kandokando ya Ziwa Tanganyika, ni chini ya metre 800, na mawese inabaki majimaji zaidi. Kile kinachotokea ndani ya bidoni kinatokea pia juu ya mlango wa kabati. Mawese iliyorukia kabati ya Bukavu inaganda na kuwa ngumu kama mshumaa. Inaonekana ya kutisha, lakini kwa kweli ndiyo rahisi zaidi, kwani maji ya vuguvugu inaiyeyusha. Doa nyekundu inayobaki ni rangi ya mawese yenyewe, ile ile inayopatikana ndani ya karoti. Jua inaifuta. Mlango mdogo unaoweza kuondolewa na kuwekwa inje siku mbili ama tatu utaona doa inafifia bila dawa yoyote.

Ingine ni mafuta ya kiwandani, ya soya ama ya alizeti, yenye kuuzwa ndani ya chupa na bidoni za njano. Hii haigandi kwa baridi. Inafanya kitu kibaya zaidi: inashikana na hewa. Ikikaa kidogo kidogo juu ya mbao, na joto la jikoni, inaanza kukaza, inakuwa nzito, inanata, na mwishoni inakuwa ngumu. Si ajabu. Rangi ya mafuta, ile wanayopaka kwenye milango, inakauka kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mafuta ya zamani ya alizeti juu ya kabati imegeuka kama verni, na verni haiyeyuki kwa maji ya moto hata ukichemsha bidoni nzima. Mawese nayo inaweza kufika huko, hasa ile ya kukaangia beinye ambayo inapashwa moto siku kwa siku mpaka inakuwa nyeusi.

Namna ya kujua iko rahisi. Lowanisha kitambaa katika maji ya moto yenye mkono unavumilia, kikamue, kikandamize mahali pachafu muda wa dakika moja. Kitambaa kikitoka na rangi ya njano ama nyekundu na mahali pale panateleza, ni mafuta iliyoganda tu. Kitambaa kikitoka karibu kisafi na pale pangali panang'ang'ania kidole, ni ile iliyokaza. Ya kwanza ni kazi ya saa moja. Ya pili inaomba uvumilivu.

Sabuni, maji ya vuguvugu, na kungoja

Kivu kuko vikundi vingi vya wamama wanaotengeneza sabuni kwa mawese na soda kostiki. Aliyepita karibu na kazi hiyo ameona: mafuta inaingia, soda inaingia, na kinachotoka hakiko tena mafuta, ni kitu kinachoondoka na maji. Kuondoa mafuta kwenye kabati ni kazi ya namna hiyo, ila kwa upole. Sabuni inashika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine, inayabeba pamoja. Kitu kinachosahauliwa ni kwamba sabuni inaomba muda. Mtu anapaka povu na hapo hapo anaanza kusugua kwa nguvu zote, kisha anasema sabuni hii haina maana. Angengoja dakika 15.

Kazi yenyewe inaanza na kabati tupu. Kila kitu kitoke, mpaka kijiko. Ondoa kwanza vumbi yenye kulegea na burosi kavu, kwani vumbi ikikutana na maji inakuwa tope. Mahali ambapo uchafu umefanya tabaka nene, kwangua na kipande cha mwanzi ama kijiko cha mbao kilichonolewa ukingo. Hapana kisu. Kisu kinafungua rangi, na pale kilipofungua, mafuta ya kesho inaingia ndani ya mbao moja kwa moja. Waya ya sufuria nayo inafanya vile vile, kwa mistari midogo midogo ambayo leo haionekani na kisha miezi mitatu yote inakuwa nyeusi.

Kwangua sabuni ya kipande, vijiko tatu vya supu hivi, ndani ya litri mbili za maji ya moto, koroga mpaka iishe. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ni sawa pia. Usitumie maji yenye kuchemka: mawese inaanza kuyeyuka kwenye joto la karibu digri 35, yaani chini kidogo ya joto la mwili wa mtu, kwa hiyo maji ambayo mkono unavumilia inatosha kabisa. Yenye kuchemka inainua gundi ya triplai, na triplai ikivimba hairudi.

Chukua kitambaa kilicholowana, kikamue kidogo, kilaze juu ya kabati kama vile mtu anawekewa kitambaa cha maji kichwani wakati wa homa. Kiache pale. Sehemu ya juu ya kabati ifanywe ya kwanza, kwani itadondosha. Kwa milango, lowanisha kuanzia chini kupanda juu: maji chafu ikitiririka juu ya mbao kavu inaacha mistari ambayo ni kazi kuitoa, ikitiririka juu ya mbao ambayo tayari iko na sabuni, haiachi. Wakati wa kusuuza, geuza, toka juu kushuka chini. Suuza mara mbili. Sabuni iliyobaki inakauka na kunata, na hapo vumbi inapata kazi mpya.

Mahali maji inauzwa kwa bidoni, mtu atauliza: litri ngapi? Ukigawanya vizuri, bidoni moja ya litri 20 inafanya kabati ya kadiri, na maji ya kusuuza ya mwisho bado inafaa kwa sakafu. Maji ya mvua inatoa povu kuliko ya ziwa, kwani ya Ziwa Kivu iko na madini mengi ambayo inakula sabuni. Karibu na Nyiragongo na Nyamulagira, maji hiyo ya mvua ibaki ya kusafishia, kwa sababu moshi ya volkano inatia fluori ndani yake na si ya kunywa.

Kausha hapo hapo na kitambaa kikavu, acha milango wazi mpaka jioni. Pembe, bawaba na mahali pa kushikia zinaomba burosi ya meno ya zamani. Pale pa kushikia ndipo mikono yote ya nyumba inapita ikiwa na mafuta ya beinye, na ndipo watoto wanagusa mbele ya kugusa mkate.

Kwa ile iliyokaza

Kwa mafuta iliyogeuka verni, kuko njia tatu zenye kufaa, na zote ziko ndani ya nyumba.

Ya kwanza inachekesha watu: mafuta inatoa mafuta. Paka kidogo ya mafuta safi ya kupikia juu ya ile ya zamani, acha nusu saa. Mpya inaingia ndani ya ya zamani na kuilegeza. Futa na karatasi, kisha pitisha sabuni kwa haraka, usiache hiyo mpya ilale.

Ya pili ni bikarbonati, ile wanayotia ndani ya maharagi na sombe. Vijiko tatu vya bikarbonati kwa kijiko kimoja cha maji, inakuwa kama uji mzito. Paka, acha dakika 20, futa na kitambaa laini kwa kuzungusha. Haikwaruzi sana na haichomi mikono.

Ya tatu ndiyo ya mababu, majivu. Watu wa zamani walioshea majivu mbele sabuni haijafika dukani, na hawakukosea: majivu ya kuni iko na potasi, ndugu mdogo wa ile soda ya kutengenezea sabuni. Chekecha majivu safi, isiyo na plastiki iliyochomwa ndani, tia makopo mawili ndani ya maji ya moto, acha ilale usiku kucha. Asubuhi mwaga ile maji yenye kuangaza tu, acha matope chini. Ukiigusa inateleza kati ya vidole kama sabuni. Kuteleza huko ni alama kwamba iko na nguvu, na ni alama pia ya kuwa mwangalifu: inakausha ngozi, na ikiingia machoni ni hatari, suuza na maji safi kwa muda mrefu na uende kituo cha afya. Itunze ndani ya beseni ya plastiki. Hapana ndani ya sufuria ya aluminiamu, kwani maji ya majivu inakula aluminiamu.

Na inakula pia rangi ya mafuta ikikaa sana. Jaribu kwanza nyuma ya mlango, mahali padogo, dakika tano. Kitambaa kikitoka na rangi ya kabati, acha majivu, rudi kwa bikarbonati. Soda kostiki yenyewe, ile ya watengenezaji wa sabuni, hata usifikirie. Inachoma ngozi mpaka ndani, na kabati itabaki bila rangi na bila verni kabla hujamaliza kusema samahani.

Ndimu je? Na siki? Zinapendwa, zinanukia vizuri, lakini kwa mafuta hazifanyi mengi. Ndimu inafaa kwa chokaa ya ndani ya birika. Nyumba iliyosafishwa na ndimu inanukia usafi na inaendelea kunata.

Javeli iko na kosa lake lingine. Inaua vijidudu, inafanya nguo nyeupe, lakini haiondoi mafuta, na juu ya mafuta hata vijidudu haiwafikii vizuri. Pia inafuta rangi ya kabati. Mbaya zaidi ni wale wanaochanganya: javeli na ndimu, javeli na siki, javeli na dawa ya kuoshea choo, wakifikiri mbili ni nguvu kuliko moja. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya klorini, inayochoma macho, koo na mapafu. Ndani ya jiko ndogo lenye dirisha moja, mtu anaweza kuanguka. Ukisikia harufu inakuchoma pua, toka inje mara moja, fungua mlango, usirudi kuokota beseni.

Esansi na petroli

Ukweli usemwe: esansi inaondoa mafuta. Ndiyo sababu watu wanaitumia. Kitambaa kimoja, mkono mmoja, na kabati inang'aa. Kijana wa karakana ya motari anaifanya kila siku kwenye vyuma, na mtu anajiuliza kwa nini isifanye kazi jikoni.

Jibu liko chini, karibu na miguu. Hewa yenye kutoka kwenye esansi ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haipandi na kutoka dirishani. Inashuka, inatambaa juu ya sakafu, inapita chini ya mlango, na inaweza kwenda mpaka kwenye mbabula ambayo iko chumba kingine ama kwenye veranda. Hapo inashika moto, na moto unarudi kwa njia ile ile mpaka kwenye kitambaa, mkononi. Mwenye kusafisha anaweza kuwa aliangalia vizuri na kuona hakuna moto karibu. Haikuwa karibu. Ilikuwa metre nne.

Petroli ya taa haikimbii haraka hivyo, lakini inaingia ndani ya mbao na kukaa. Mbao iliyonyweshwa petroli, juu ya mahali pa kupikia, ni kuni iliyo tayari. Harufu yake inaingia pia ndani ya unga na mchele kwa wiki nyingi. Na kuko hatari ingine ambayo haina moto: chupa. Mtu ananunua petroli ama esansi kidogo ndani ya chupa ya maji ya kunywa, anabakisha nusu, anaiweka chini ya kabati. Mtoto akikunywa, usimtapishe, hata kama jirani anasema apewe mafuta ama maziwa ili atapike. Ikipanda tena koo ndipo inaingia ndani ya mapafu. Mtoto apelekwe kituo cha afya haraka, pamoja na chupa.

Kama mafuta inashika moto ndani ya karai, maji usimwage. Maji inashuka chini ya mafuta, inageuka mvuke kwa ghafula na kurusha moto juu, pale pale kwenye kabati. Funika na kifuniko, ama sahani kubwa ya chuma, ondoa karai kwenye moto tu kama inawezekana bila kuibeba ikiwaka, acha imefunikwa mpaka ipoe. Kabati yenye tabaka ya mafuta ya miaka mitano inafanya moto huo mdogo kupata ngazi ya kupanda mpaka mabati.

Kabati isiyopakwa kitu

Kabati nyingi za mitaa ya chini, na karibu etajeri zote, ni mbao tupu. Mafuta imeingia ndani, haiko juu tu. Hapo maji mengi ni adui, kwani mbao inanywa, inavimba, inaanza kuoza nyuma ambapo hakuna anayeona. Nyunyiza majivu kavu yaliyochekechwa, ama udongo mweupe uliosagwa, acha usiku mmoja ivute mafuta, fagia asubuhi. Rudia mara mbili, tatu. Kisha pitisha kitambaa cha sabuni kilichokamuliwa sana, kausha siku nzima, piga msasa kidogo, na upake verni ama rangi ya mafuta.

Hapa mafundi wengine wanakosea, na mteja analipa mara mbili. Wanapaka rangi mpya juu ya mafuta ya zamani kwa sababu kuosha si kazi yao. Rangi haishiki juu ya mafuta. Inainuka kama ngozi ya maziwa, kisha miezi michache inaanguka ndani ya sahani. Mwenye kabati aulize mbele ya kulipa: umeosha na nini?

Isirudi

Kwa kuwa mafuta inatoka ndani ya sufuria, ni pale pa kuanzia. Kausha samaki, viazi na nyama mbele ya kuvitia ndani ya mafuta. Kitambaa kimoja safi kinapunguza milipuko kuliko kitu kingine chote. Usingoje mafuta ianze kutoa moshi, ikifika pale imeshapita kipimo, na ladha nayo imeharibika. Funika nusu, ukiacha mlango mdogo wa mvuke.

Kisha ni mahali pa mbabula. Wakati wa mvua wengi wanaingiza mbabula ndani, na mara nyingi inaishia chini kabisa ya kabati kwa sababu ndiyo kona iliyobaki. Isogezwe mpaka kwenye mlango ama chini ya veranda, ikiwezekana metre moja na zaidi kutoka kwenye mbao yoyote. Na hata siku moja usifunge dirisha ili moshi usiguse kabati. Makala inatoa hewa yenye kuua ambayo haina harufu wala rangi. Afadhali kabati inate.

Juu ya kabati weka magazeti ya zamani ama karatasi za mfuko wa sima, shuka moja juu ya ingine, na kila mwezi toa ile ya juu. Kazi ya saa tatu inakuwa ya dakika moja. Ila isining'inie upande wa moto. Nailoni ya meza ambayo wengine wanapigilia misumari nyuma ya mbabula ili kulinda ukuta, iondolewe leo. Bati la zamani lililonyooshwa linafanya kazi hiyo bila kuwaka.

Chupa na bidoni ya mafuta inaacha duara kila inapowekwa. Ikae juu ya sahani, na shingo yake ifutwe. Jioni, mbele sufuria haijapoa kabisa, pitisha kitambaa cha vuguvugu kwenye mlango ulio karibu na moto. Mafuta ya leo inaondoka kwa mkono mmoja. Ya miezi sita inaomba siku ya posho nzima. Mara nyingi siku hiyo ya posho inapewa binti mmoja wa nyumba, huku kaka zake, waliokula sambaza sawasawa naye, wako uwanjani. Kabati ndefu inahitaji mtu mrefu, na hao kaka kwa kawaida ndio warefu.

Kama nyuma ya kabati triplai imeshavimba na kuwa laini kama mkate, hakuna sabuni ya kuirudisha. Lakini si lazima kutupa kabati nzima. Ubao wa nyuma unashikwa na misumari midogo tu. Fundi anaweza kuutoa, kukausha mbao za pembeni, na kuweka mwingine. Amwambie mwenye nyumba aache nafasi ya vidole viwili kati ya kabati na ukuta, hewa ipite.